Kisanduku Nisichokitia Alama

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa pili 2002. Baraka.

Nimefuta vumbi kwenye paneli ya jua. Nimepima betri. Nimewasha mashine, modemu ikalia kama vyura wa bondeni. Barua nne zimeshuka. Hakuna ya Neema. Basi barua yake imeshukia juu, Fizi. Nimefurahi.

Hapo ndipo ilipo siri yangu. Naiandika kabla uvimbe huu wa miguu haujafika moyoni. Kanisa letu lina anwani moja ya barua za mashine, na mashine mbili: moja hapa Baraka kando ya ziwa, moja Fizi mlimani. Zote mbili huvuta barua kwa phonie, redio yetu ya kuongea, kutoka kituo kimoja kilicho ng'ambo. Mchungaji anaamini kwamba mashine hizi haziwezi kulingana, kwamba barua iliyoshukia Fizi haiwezi kuonekana Baraka. Ni mimi niliyemwambia hivyo. Nilisema ni shauri ya hewa na milima.

Uongo. Kuna kisanduku kidogo kwenye mipangilio, kimeandikwa kwa Kifaransa: acha nakala kituoni. Ukikitia alama, barua inabaki kituoni na mashine ya pili nayo inaipata. Usipokitia, mashine iliyotangulia inaondoka nayo. Mashine zote mbili niliziandaa mimi, nilipokuwa bado naweza kupanda Fizi. Kisanduku hicho sikukitia alama, huku wala kule.

Sababu nitaiandika. Si leo. Pumzi fupi.

Jumanne, tarehe 5

Sababu.

Mke wangu yuko Fizi. Baraka ilipopigwa alipanda kwa dada yake pamoja na wengine. Mimi miguu ilikataa. Tangu hapo barabara inafungwa na kufunguliwa, zaidi kufungwa. Wenye bunduki wa huku chini ni wengine, wa kule juu ni wengine, na kila upande unauliza unatoka kwa nani.

Binti yetu Neema yuko kambini, upande wa Kigoma. Anaosha vidonda katika zahanati ya kambi, na wakubwa wake wanamruhusu kutumia mashine ya ofisi. Barua yake ikishukia hapa, namsomea mama yake kwenye phonie. Ikishukia Fizi, mama yake ananisomea mimi, Alhamisi saa nne asubuhi. Ningekitia kisanduku alama, kila mmoja angesoma peke yake, kimya.

Hivyo tu. Nataka kumsikia. Siku hizi nachelewa kuwasha mashine makusudi, ili Fizi itangulie.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeoga. Nimevaa shati jeupe. Mama Salima, jirani yangu wa upande wa msikiti, ameniletea uji akanikuta nafunga vifungo.

"Baba Neema, kwani phonie siku hizi iko na macho?"

 Ameenda zake akicheka peke yake.

Saa nne. "Ziwa, Ziwa, Ziwa, hapa Mulima." Ziwa ni sisi, Mulima ni Fizi. Kwanza ni Etabo, karani wa kule, kisha kiti kinaburuzwa, kisha mke wangu. Sauti yake inaingia na upepo nyuma yake. Amesoma polepole. Neema mzima. Watoto wanakohoa lakini wanakula. Sabuni imepatikana. Halafu Neema anasema: Baba, mvua ya huku inanikumbusha siku ile mto Mutambala ulipojaa, ukanibeba mgongoni. Kiatu changu kimoja kikachukuliwa na maji. Ukanivua kile kilichobaki ukanivalisha vyako, nikaingia kwa watu navyo, vikubwa kama mitumbwi, na wewe ukaingia pekupeku kama mwizi.

Wilondja wa Mboko, kituo kingine cha kando ya ziwa, akajiingiza kwenye mawimbi yaleyale. Yeye ndiye anayeshika phonie ya Mboko, na mtu huyo hana haya. "Mama Neema, na ile kiatu ilionekanaka?"

"Wilondja, we hapana kazi?"

"Kazi yangu njo kusikia, Mama. Endelea, batu bangu huku banangoja."

Nyuma yake nilisikia watu wanacheka. Mboko nzima inafuata barua za binti yangu.

Mwisho mke wangu akasema, "Nakuachia." Ndivyo tunavyosema sote kumpa mwenzako zamu. Nami nikajibu kama ninavyojibu kila mara: "Nimepokea."

Siku yote imekuwa nyepesi.

Jumapili, tarehe 10

Sikuenda ibadani. Nimezisikia nyimbo kutoka kitandani. Muuguzi amebonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likabaki. Akasema maji.  Niliwafundisha watoto biolojia miaka mingi, najua maji hayo yanaelekea wapi.

Fizi hawajui. Mke wangu asiambiwe.

Jumatatu, tarehe 11

Namuwaza. Jambo la ajabu, namuwaza sauti tu. Uso naupoteza, unakuja na kuondoka. Nyumbani kwetu tulikaa kama watu wa heshima wanavyokaa. Mimi nilikula barazani na wageni, yeye jikoni na watoto. Nilirudi shuleni na madaftari, nikasahihisha. Aliniambia chakula tayari. Aliniambia mtoto ana homa. Mlio wa mchi wake kwenye kinu naukumbuka vizuri zaidi kuliko neno lolote alilonena. Sikumwita jina lake, wala yeye langu. Baba Neema, Mama Neema, basi. Hakuna aliyetukataza kuzungumza. Hatukujua tungeanzia wapi.

Imebidi vita itutenganishe, na milima iwe kati, ndipo nimsikie akisema kwa robo saa mfululizo.

Nimekuwa mzee mpumbavu. Naandika hivyo bila aibu, hakuna atakayesoma.

Alhamisi, tarehe 14

Shati jeupe. Mama Salima ameleta na mafuta ya kujipaka. "Paka, Baba, usiende kwa mutu na ngozi kama ya kenge." Nimepaka.

Barua ilishukia Fizi. Nilijua, nilichelewa kuwasha mpaka jua limepanda.

Neema amepata blanketi. Zahanati ina wagonjwa wengi. Halafu: Baba, nakumbuka ulivyokuwa ukikohoa mlangoni kabla ya kuingia, kikohozi kimoja, ili nijue ni wewe. Mpaka leo mtu akikohoa nje nageuka, hata kama ni kwa jirani. Tena naota mto. Tuko katikati ya mto, na ng'ambo hatufiki, wala sitaki tufike.

 

"Nakuachia."

Nilikaa na kipaza sauti cha phonie mkononi. Nilikuwa na maneno. Vituo vyote vinasikiliza: Mboko, Kilembwe, Lubondja, na wengine ambao hawasemi. Nikasema, "Nimepokea."

Jumamosi, tarehe 16

Wilondja ameniita, akaomba tuhame tuongee kwenye mawimbi mengine. Hakufanya mzaha hata mmoja. Hilo limenitisha kuliko maneno yake.

"Mwalimu, kuna batu ba bunduki bananiuliza habari ya muto."

"Mto gani?"

"Mutambala. Banasema kila posho, kila Alhamisi, mama iko anatangaza kuvuka. Nani anavuka? Na kiatu ni nini, ni risasi? Na ile kukohoa mulangoni?"

"Ni mambo ya nyumbani, Wilondja."

"Mi najua. Bo habajue. Na kama ba huku banauliza, ba kule juu nabo banauliza. Sasa ambia mama apunguze. Ao mutafute njia ingine ya hizo barua."

Njia nyingine ipo. Nimefungua mipangilio. Kisanduku kitupu. Nimeweka mshale juu yake. Ningebonyeza mara moja, kisha niandike maneno mawili kwa Etabo afanye vilevile, na mke wangu asingekuwa na sababu ya kugusa phonie tena.

Nimefunga mashine.

Mara moja zaidi. Alhamisi moja tu. Nitakitia alama baada ya hapo. Nina muda mfupi, nina haki ya Alhamisi moja.

Jumapili, tarehe 17

Hakuna haki ya namna hiyo. Najua. Sijabonyeza.

Jumanne, tarehe 19

Barua ya Neema imeshukia Fizi. Mguu wa kushoto hauingii kiatuni.

Kuna wengine pia ambao barua zao zimegawanyika kwa ajili yangu. Mzee mmoja wa Baraka amekuja tena leo kuuliza kuhusu ndugu yake. Nimemwambia hewa mbaya. Akaniamini, akanishukuru. Akaniachia samaki.

Sikuweza kumla yule samaki. Nimempa Mama Salima.

Alhamisi, tarehe 21

Saa nne. Mama Neema kwenye phonie.

Ameanza vizuri. Neema mzima, mtoto mdogo ameota jino. Halafu: Baba, maji yalipofika kifuani uliniambia, usiangalie chini, angalia ng'ambo. Nami sikuangalia ng'ambo. Niliangalia shingo yako. Ilikuwa na...

Sauti ya mwanamume, karibu sana na redio. "Zima! Nasema zima!" Kiti kimeanguka. Kisha mlio mtupu.

"Mulima, Mulima, hapa Ziwa." Nimeita mpaka taa ya betri imekuwa nyekundu. Wilondja naye anaita. Kilembwe wanaita. Hakuna.

Ilikuwa na nini, shingo yangu?

Ijumaa, tarehe 22

Mulima haijibu.

Jumamosi, tarehe 23

Haijibu. Mama Salima amekaa nami mchana kutwa akichambua maharage. Jioni akasema, "Baba, kula." Sikula.

Ni mimi. Si vita. Vita iko kila mahali na watu wanaishi ndani yake kwa kujiinamisha. Mimi nilimwacha mwanamke asimame wima aongee, kwa sababu nilipenda kumsikia. Nilionywa. Nilikuwa na mshale juu ya kisanduku.

Mungu, nichukue mimi, miguu hii tayari ni yako.

Jumapili, tarehe 24

Haijibu.

Jumatatu, tarehe 25

Mama Bitisho, mchuuzi wa mafuta ya mawese, ameshuka kwa miguu kutoka Fizi. Hata madumu hakuyatua, amekuja moja kwa moja ofisini.

"Balimukamata, lakini balimuachilia. Iko muzima. Kaa chini, Baba, utaniogopesha."

Nimeketi. Amenisimulia yote. Nayaandika kama alivyosema.

Kamanda wa kule aliingia ofisini na vijana wake akamwambia Etabo: fungua hiyo barua mama anasoma, nataka kuona mto. Etabo akafungua. Mistari mitatu. Wakatafuta mto, hakuna. Wakafungua barua za nyuma, moja baada ya nyingine. Hakuna mto, hakuna kiatu, hakuna kikohozi. Kamanda akasema: basi huyu mama anatunga, na anayetunga anatuma habari. Wakamfungia katika darasa la shule ya zamani mpaka kesho yake. Asubuhi wakamtoa uwanjani, watu wamejaa, wakamuuliza mbele ya wote: mto umetoka wapi?

"Aliwaambia nini?" nimeuliza.

"Alibambia: ule muto ni wangu. Neema hakuandika. Ni mi niliongeza. Bwana yangu alinibeba pale mwaka alinioa, na kiatu kilikuwa changu. Munataka kunifunga juu ya bwana yangu?"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya batu bote! Kamanda akamuuliza: sasa juu ya nini usiseme tu ni we unasema? Yee akamujibu: na bibi yako, anakuambiaka maneno ya vile kwa phonie, Mboko inasikia? Eeh, Baba! Bamama balipiga vigelegele. Kijana mumoja wa bunduki alicheka mpaka akakaa chini. Kamanda naye akacheka, haya ilimushika. Sasa Fizi nzima banamuita Mama Kiatu."

Mama Bitisho alicheka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilinyamaza. Alidhani ni mshangao. Nilimwacha adhani hivyo.

Wamemwachia. Lakini kamanda amechukua kipaza sauti cha phonie, akakitia mfukoni. Modemu na mashine hakugusa. Naye anangoja barua ya kaka yake aliye Lubumbashi.

Kwa hiyo barua zitapita. Sauti haitapita.

Jumanne, tarehe 26

Nimekitia alama.

Sekunde moja. Kazi niliyomwambia Mchungaji haiwezekani.

Nimemwandikia Etabo afanye vilevile, na atume tena kwenye anwani yetu barua zote za Neema zilizobaki kwake. Mimi nimetuma za upande wangu. Mama yake naye azipate zote, hata nusu ile niliyomsomea kwa sauti yangu ya ualimu, kama imla.

Alhamisi, tarehe 28

Saa nne nimevaa shati jeupe. Sijui kwa nini. Nimefungua phonie, nimesikiliza mlio wake mtupu. Baada ya muda Wilondja akasema, polepole, "Mwalimu, niko hapa. Huku nako batu balikuja kungoja. Nimebarudisha." Nikamshukuru. 

Barua zimeshuka zote. Mashine ya Ziwa na mashine ya Mulima sasa zina kitu kilekile, barua kwa barua. Mchungaji amefurahi, amesema hewa imekuwa nzuri.

Nimesoma barua za Neema zilizokuwa Fizi. Binti yangu anaandika kwa kifupi, kama mimi. Ile ya kiatu inasema: Baba na Mama, niko mzima. Watoto wanakohoa lakini wanakula. Sabuni imepatikana. Tuombeane. Ile ya kikohozi ina blanketi na wagonjwa. Ile ya mwisho ina jino la mtoto. Mvua hamna. Shingo hamna. Chini ya jino ni nafasi nyeupe mpaka mwisho wa kioo. Nimeitazama nafasi hiyo kuliko nilivyotazama maneno.

Nimemkosa Mama Neema. Sina namna nyingine ya kuliandika. Yuko hai, yuko mwendo wa siku moja kutoka hapa kwa mtu mwenye miguu, na nimemkosa kuliko waliokufa.

Jumamosi, tarehe 2 mwezi wa tatu

Mvua asubuhi. Milima haionekani. Mama Salima ameniegemeza kwenye mito ili nifikie mashine. Pumzi inakuja kwa zamu.

Nimeandika barua kwa anwani yetu wenyewe. Itaonekana kwenye mashine zote mbili. Etabo ataisoma kwanza, pengine na kamanda. Wasome.

Kwa Mama Neema. Kiatu kilichochukuliwa na maji kilikuwa cha kushoto. Hukuwa mzito. Nilitembea polepole makusudi. Niambie shingo ilikuwa na nini. Nakuachia.

Modemu imelia, imeenda.

Tarehe 5 niliandika sababu yangu. Haikuwa yote. Neema alizaliwa miaka miwili baada ya mto ule. Nilijua tangu siku ya kwanza ni nani aliyekuwa akiniambia maneno yale. Nilijua kila Alhamisi, na kila Alhamisi nilimjibu, "Nimepokea."